Mpapai Uani: Macho ya Mtoto na Damu ya Mama



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia mti ambao karibu kila familia ya kandokando ya Ziwa Victoria inaufahamu, lakini si kila familia inaufaidi. Mti huo ni mpapai. Ukipita Kisesa, Magu, Sengerema au Ukerewe, utaona mipapai iliyoota yenyewe penye jalala au nyuma ya jiko. Mingine haizai kabisa, maana ni midume. Mingine huzaa vizuri sana, lakini mapapai yote hupangwa kwenye tenga yakapelekwa sokoni, na mtoto mdogo wa nyumba hiyo hapati hata kipande.

Sisi wauguzi tunaoonana na akina mama na watoto kliniki tunapenda kueleza kwamba mipapai miwili au mitatu iliyopandwa kwa mpango, ikamwagiliwa wakati wa kiangazi, yaweza kuipa familia matunda karibu mwaka mzima. Hilo ni jambo kubwa kwa macho ya mtoto na kwa damu ya mama mjamzito. Tutaeleza kwanza sababu, kisha namna ya kuupanda na kuutunza mti wenyewe.

PAPAI LINA NINI?

Papai bivu lina vitu viwili ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe.

Cha kwanza ni ile rangi ya manjano au nyekundu iliyomo ndani ya nyama ya tunda. Mwili huigeuza rangi hiyo kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini A kwa muda mrefu huanza kwa kutoona vizuri jioni. Wenzake wanacheza bado, yeye anajikwaa au anakaa karibu na mama. Baadaye macho hukauka, kioo cha jicho hupata kidonda, na mwishowe huweza kupofuka. Mtoto huyo pia hushindwa kupambana na surua, kuhara na magonjwa ya kifua.

Jambo hili lilionekana wazi hapa hapa Tanzania. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali ya misheni ya Mvumi, mkoani Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 walipewa vitamini A pamoja na matibabu ya kawaida. Kati yao walikufa 6. Watoto 92 walipewa matibabu ya kawaida tu. Kati yao walikufa 12. Tofauti ilionekana zaidi kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwamba watoto wenye surua wapewe vitamini A mahali penye upungufu wake.

Cha pili ni vitamini C. Hii husaidia vidonda na fizi, na zaidi ya hayo husaidia tumbo kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde, mchicha na matembele. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Huku kwetu ziwani damu hupungua kwa sababu nyingi: malaria, minyoo ya safura, kichocho, na uzazi wa karibu karibu. Mama anayekula maharage kisha akateremshia chai ya rangi hujipunguzia madini hayo, maana majani ya chai huyazuia. Akila maharage hayohayo kisha akamalizia na kipande cha papai, mwili hupata zaidi. Chakula ni kilekile, faida ni tofauti.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kiasi. Gramu 100 za papai bivu, yaani kipande cha kadiri ya kiganja cha mtu mzima, zina vitamini C inayozidi mahitaji ya mtoto mdogo kwa siku. Lakini vitamini A iliyomo ni kama sehemu moja tu ya kumi ya mahitaji yake. Kwa hiyo papai peke yake halitoshi. Lazima liende pamoja na mboga za majani, viazi lishe vya rangi ya chungwa, mayai, dagaa na maziwa inapowezekana. Tukumbuke kwamba michembe na matobolwa ya viazi vyeupe hushibisha, lakini hayana rangi ile inayogeuka kuwa vitamini A.

Wala papai haliondoi haja ya matone ya vitamini A yanayotolewa zahanati. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge laini cha rangi ya buluu, na wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano hupewa chekundu, kila baada ya miezi sita. Mpeleke hata kama nyumbani mna mipapai kumi.

Basi kwa nini tunausifu mpapai? Kwa sababu hauna msimu. Maembe huja kwa wingi mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka mpya, kisha huisha. Mboga za majani hukauka wakati wa kiangazi. Mpapai uliotunzwa huendelea kutoa tunda mojamoja katika miezi ile ambayo sahani ya mtoto inakuwa tupu.

MTI WA NCHI YA JOTO

Asili ya mpapai ni Mexico ya kusini na nchi za Amerika ya Kati. Wahispania na Wareno waliusambaza duniani kuanzia karne ya 16. Ni mti unaopenda joto. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 15 hudumaa, na matunda yake huwa hayana utamu. Umande ukiganda, hufa. Ndiyo sababu ndugu zetu wa Makete na Njombe hupata shida kuupanda. Mwanza tuko juu kidogo, maana ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, lakini joto letu linautosha.

Huko Marekani ya mashariki upo mti mwingine ambao kwa Kiingereza huitwa kwa jina linalofanana na la papai. Huo huvumilia barafu, hupukutisha majani wakati wa baridi, na ni jamaa ya mstafeli na mtopetope. Mbegu zake huhitaji kupitia baridi kali kabla ya kuota. Kwa hiyo ndugu aliye ng'ambo akikuletea mbegu hizo, usitegemee kupata mapapai tunayoyajua.

DUME, JIKE NA MWENYE JINSIA MBILI

Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza mwaka mzima. Mipapai iko ya aina tatu:

1. Mpapai dume. Maua yake ni madogo, mengi, yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Hauzai, au huzaa vipapai vichache visivyofaa.

2. Mpapai jike. Maua yake ni makubwa, yamekaa karibu kabisa na shina. Huzaa mapapai ya mviringo, lakini huhitaji chavua kutoka mti mwingine.

3. Mpapai wenye jinsia mbili. Ua moja lina sehemu zote mbili. Huzaa bila kusaidiwa, na mapapai yake kwa kawaida ni marefu.

Huwezi kutambua aina kwa kuitazama mbegu wala mche. Ni lazima kungoja maua, ambayo hutokea baada ya miezi mitano hadi minane hivi. Wako watu wanaopigilia msumari kwenye mpapai dume au kuukata kichwa ili "ugeuke jike". Kuujeruhi mti si njia ya kutegemea. Mara nyingi kidonda hicho huingiza maji na kuuozesha. Njia ya kweli ni mbili.

Kwanza, chagua mbegu vizuri. Toa mbegu katika papai refu, tamu, lililoiva mtini, la mpapai wenye jinsia mbili unaojizalisha wenyewe. Mbegu za namna hiyo hazileti madume: kadiri ya theluthi mbili huwa na jinsia mbili na theluthi moja majike. Mbegu za papai la mviringo lililopata chavua ya dume hutoa madume nusu kwa nusu.

Pili, panda miche mitatu katika kila shimo, ikiachana kama futi moja. Maua yakitokea, bakiza mmoja ulio bora na kata mingine. Ikiwa miti yako yote ni majike, bakiza dume mmoja, au hakikisha jirani analo. Dume mmoja huwatosha majike kumi au zaidi.

KITALU NA KUPANDA

Mbegu mbichi zimefunikwa na utando laini kama kamasi, ambao huzuia kuota. Ziweke katika maji, zisugue kwa mchanga au kitambaa mpaka utando uishe, kisha uzianike kivulini siku mbili tatu. Ziatike mwezi wa nane au mwanzoni mwa mwezi wa tisa, ili miche iwe tayari mvua za vuli zinapoanza. Pakiti za maziwa au za chumvi zilizotobolewa chini zinafaa sana. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, fukia mbegu mbili kwa kina cha sentimita moja, na mwagilia kidogo kidogo. Zitaota baada ya wiki mbili hadi nne.

Mche ukifikia sentimita 20 hadi 30, uhamishe. Fuata mambo haya:

1. Mahali pawe na jua la kutosha na pasipopigwa na upepo wa ziwani. Shina la mpapai ni laini na mizizi yake haiendi mbali. Upande wa nyuma wa nyumba au wa ua wa minyaa hufaa.

2. Maji yasituame. Hili ndilo linaloua mipapai mingi kuliko wadudu. Mizizi ikikaa ndani ya maji siku moja au mbili huanza kuoza. Mwenye udongo mweusi wa mbuga apande juu ya tuta lililoinuliwa nusu mita. Mwenye udongo wa kichanga, ule unaoitwa luseni, hana shida hiyo, lakini aongeze samadi kwa wingi, maana mchanga haushiki maji wala chakula.

3. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza, urudishe shimoni. Acha wiki mbili ushuke.

4. Panda jioni. Usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa kwenye pakiti, la sivyo litaoza shingoni. Kutoka shimo hadi shimo iwe mita mbili na nusu hadi tatu.

KUUTUNZA

Tandaza majani makavu kuzunguka mti, lakini yasiguse shina. Palilia kwa mkono karibu na shina, maana jembe hukata mizizi. Kila miezi mitatu weka nusu debe la samadi.

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa mpe kila mti ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Maji yaliyooshea mboga, mchele au matunda yanatosha. Si lazima yawe safi. Tunaomba sana, watoto wasitumwe kuingia ziwani kuchota maji ya kumwagilia. Kichocho huingia mwilini kupitia ngozi, mtoto anaposimama majini. Isiwe tunatafuta damu kwa papai na kuipoteza kwa kichocho.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba vimeganda kwenye shina na matunda, hao ni vidung'ata. Waondoe mapema kwa kitambaa na maji ya sabuni, na kata majani yaliyoshambuliwa uyachome. Ukiona majani yamekunjamana na yana mabaka ya manjano, na tunda lina alama za mviringo kama pete, huo ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na vidukari. Hauna dawa. Ng'oa mti huo na kuuchoma kabla haujaambukiza mingine, halafu panda mpya mahali pengine.

Tunda la kwanza kwa kawaida huiva baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili tangu kupanda. Penye baridi huchelewa zaidi. Mpapai huzaa vizuri miaka mitatu au minne, kisha hurefuka na matunda hupungua. Kwa hiyo kila mwaka wa pili panda mche mpya, ili nyumba isikae bila papai. Wala mtoto asiupande mpapai, hukatika ghafla. Tumia mti mrefu wenye kikapu au mfuko nchani.

KUCHUMA NA KULA

Chuma papai linapoanza kuonyesha mistari ya manjano, ukiacha kikonyo kidogo. Liweke kivulini siku mbili hadi nne. Jihadhari na utomvu mweupe: huunguza ngozi laini na macho. Ukimwingia mtoto jichoni, msafishe mara moja kwa maji safi mengi, kisha mpeleke hospitali. Asitiwe dawa yoyote ya nyumbani.

Kabla ya kula, nawa mikono kwa sabuni, osha papai zima kwa maji safi, na tumia kisu safi. Papai lililokatwa likawekwa wazi barabarani, nzi wakitua juu yake, laweza kuleta kuhara na kipindupindu. Nunua zima, likate mwenyewe.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee yanatosha. Akitimiza miezi sita, ponda papai bivu kwa uma au kijiko safi, mpe vijiko viwili vitatu baada ya uji wa lishe, na uongeze polepole huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Lisichukue nafasi ya uji wenye karanga, dagaa au maziwa. Kwa watu wazima na watoto wakubwa ni vema kula papai pamoja na mlo wenye mafuta kidogo, kwa kuwa rangi ile ya vitamini A huhitaji mafuta ili iingie mwilini.

Mama mjamzito anayetumia vidonge vya kuongeza damu na asumbuliwe na choo kigumu atapata nafuu kwa papai. Mwenye kisukari anaweza kula kipande cha kadiri, asinywe juisi yenye sukari.

YANAYOSEMWA JUU YA PAPAI

"Mjamzito asile papai." Papai bivu kabisa halina madhara kwa mjamzito, bali lina faida. La kuepuka ni papai bichi au lisiloiva vizuri, kwa sababu ya utomvu wake. Katika majaribio kwa panya, utomvu huo ulifanya mji wa mimba ubane. Basi asitumie bichi, asinyimwe bivu.

"Majani ya mpapai hutibu malaria." Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyohiyo. Akiwa na malaria apewe dawa ya mseto kwa kipimo chake. Siku mbili za kumnywesha maji ya majani ndizo siku ambazo malaria hupanda kichwani na kumaliza damu.

"Mbegu za papai huua minyoo." Zipo dawa za minyoo na za kichocho zilizopimwa, zinazotolewa vituoni na mashuleni. Tusizibadilishe kwa kitu ambacho kipimo chake hakijulikani nyumbani.

"Papai hupakwa kwenye moto." Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, afunikwe kitambaa safi, apelekwe hospitali. Asipakwe papai, wala dawa ya meno, wala mafuta.

KUGAWANA MAVUNO

Hatusemi familia isiuze mapapai. Fedha ya papai hununua chumvi, sabuni na daftari. Tunasema tu kwamba hesabu ianzie nyumbani. Baba na mama wakubaliane tangu siku ya kupanda: mti huu ni wa sokoni, na huu ni wa watoto. Mti wa watoto usiuzwe hata bei ikiwa nzuri. Papai moja la wastani laweza kugawanywa kwa watoto wanne na mama mjamzito, na likabaki la kesho.

Wenye uwanja mdogo mjini, kule kwenye mawe ya Mabatini au Igogo, wanaweza kupanda mti mmoja wenye jinsia mbili katika pembe yenye udongo. Jumuiya zinaweza kuatika miche pamoja mwezi wa nane, kila nyumba ikaondoka na mitatu. Mbegu za papai moja zuri hutosha jumuiya nzima.

Na mzazi ambaye mtoto wake anajikwaa jioni au ana macho makavu asingoje mpapai uzae. Amlete kituo cha afya kesho asubuhi, pamoja na kadi yake ya kliniki. Mti hupandwa kwa ajili ya mwaka ujao, lakini jicho lenye kidonda haliwezi kungoja.